Si Kiraka: Thamani ya Taiti Endi Anayejua Kazi Zote Mbili

Hotuba kwa wazazi na vijana wetu wanaozungumza Kiswahili hapa Iowa, kabla ya msimu wa shule kuanza

Baba zangu, mama zangu, kaka na dada, na ninyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango, hamjambo.

Nimeombwa nieleze mchezo ambao watoto wetu wanaucheza na sisi tunakaa jukwaani tukiutazama bila kujua nani amekosea na nani amefanya vizuri. Nimekubali, ila sitaeleza futiboli ya Kimarekani yote. Nitaeleza mtu mmoja uwanjani. Nimemchagua kwa sababu kila kitu kilichomo katika mchezo huu, kugongana, kukimbia, kudaka, kumhadaa mpinzani, yeye hukifanya. Anaitwa taiti endi.

Mimi nilifika nchi hii nikiwa na miaka 16, kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Kule nilikuwa golikipa. Mwaka wangu wa kwanza shuleni kocha aliniona nikidaka mpira wa kikapu kwa mkono mmoja, akaniuliza kama naogopa kugongwa. Nikasema siogopi. Akanipa jezi namba 84. Basi nikajua nitadaka, maana kudaka ndiko nilikokujua. Wiki tatu za kwanza sikuugusa mpira. Wiki tatu nzima nilifundishwa jambo moja, namna ya kuweka mguu wa kwanza chini. Siku hizi nasaidia kufundisha, na vijana wenu nawaanzisha hapohapo. Najua wanarudi nyumbani wakilalamika. Leo nataka mjue ninachokitafuta.

Timu moja ina watu 11 uwanjani. Inapoanza kushambulia, kanuni inataka angalau saba wawe kwenye mstari wa mbele. Watano wa katikati ni ukuta. Ni watu wakubwa sana, katika ligi ya kulipwa wengi wana kilo 140, na kanuni haiwaruhusu kutoka mbio na kudaka pasi. Kazi yao ni kumkinga mrushaji, yaani kotabeki, na kumfungulia njia anayekimbia na mpira. Mbali pembeni wanasimama wapokeaji, wepesi wa mbio, ni kama mawinga wetu. Taiti endi anasimama kwenye ncha ya ukuta, jirani kabisa na yule mtu mkubwa wa mwisho. Ukimtazama unaona tofali la sita. Lakini kwa kuwa yuko kwenye ncha, kanuni inamruhusu kuchomoka na kwenda kudaka. Basi huyo ni tofali lenye ruhusa ya kutembea.

Waliofuatilia ligi ya Tanzania wanalijua neno kiraka. Erasto Nyoni alipokuwa Azam, na baadaye Simba, watu walimwita kiraka: leo beki wa pembeni, kesho beki wa kati, keshokutwa kiungo. Ilikuwa sifa, na aliistahili. Juzi mzee mmoja hapa aliniuliza, "Mwanangu, huyo taiti endi ndiye kiraka wa mchezo wenu?" Swali lake nimekaa nalo wiki nzima. Jibu langu, mzee wangu, ni hapana. Nyoni alipopangwa beki wa pembeni, mpinzani alijua tangu timu zinaingia uwanjani kwamba leo huyu ni beki wa pembeni. Kiraka anaziba palipotoboka, na kila mtu anapaona. Taiti endi anabeba kazi mbili katika sekunde ileile, na mpinzani hajui ni ipi mpaka mpira umekwisha kutoka. Thamani yake imo katika kutojua huko.

Jiwekeni kwenye nafasi ya yule beki wa katikati anayeitwa lainibeka. Umesimama hatua nne au tano nyuma ya mstari wenu. Mpira unatoka. Unamwona taiti endi anainama, anaweka mabega chini, anamvaa mtu wenu wa pembeni. Hiyo ni dalili kwamba wanakimbia na mpira, na wewe kazi yako ni kupiga hatua mbele kuziba njia. Unapiga hatua moja, mbili. Ghafla yule uliyemwona anakinga ameachia, amepita begani mwako, yupo nyuma yako, na mpira uko hewani. Umechelewa nusu sekunde tu, na katika futiboli nusu sekunde ni yadi tano. Mara nyingine ukijitahidi usidanganywe, ukabaki nyuma kumsubiri, yeye kweli anakinga, na mkimbiaji anapita pale ulipotakiwa kuwa.

Sasa vijana, nisikilizeni hapa. Hila hiyo inafanya kazi kwa sharti moja: taiti endi awe anakinga kwelikweli. Kama kila akiinama ni maigizo, lainibeka atamsoma kufikia robo ya pili ya mechi na hatasogea tena. Anayedaka tu ni mpokeaji mzito, na wepesi kuliko yeye wapo wengi. Anayekinga tu ni mtu wa ukuta aliyepungukiwa kilo. Katika hao wawili hakuna anayemnyima kocha wa upande wa pili usingizi.

Kuna mashambulizi ya mechi moja ambayo nimeyatazama mara nyingi kuliko kitu kingine chochote katika mchezo huu, na ningependa wazazi muyajue. Ni fainali ya ligi, Super Bowl, iliyochezwa Atlanta tarehe 3 Februari 2019, New England Patriots na Los Angeles Rams. Robo tatu zilipita, na matokeo yalikuwa 3 kwa 3. Hakuna aliyepata tachidauni hata moja, yaani kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa mpinzani. Ulinzi wa Rams ulikuwa umemfunga Tom Brady, kotabeki wa Patriots, kila upande.

Robo ya nne, zikiwa zimebaki dakika karibu 10, Patriots walipata mpira yadi 31 kutoka mstari wao wenyewe wa mwisho. Katika futiboli kocha anaweza kubadilisha watu kila mara kabla ya mpira kutoka, na ulinzi unapewa nafasi ya kujibu. Ukiingiza wepesi, nao wanaingiza wepesi. Ukiingiza wazito, wanaingiza wazito. Patriots waliingiza wazito: taiti endi wawili, Rob Gronkowski na Dwayne Allen, na mkingaji wa nyuma, James Develin. Rams wakaona hawa wanataka kukimbia na mpira katikati, wakajibu kwa watu wao wazito. Hawakukosea kwa kile walichokiona. Kisha wale wazito wa Patriots hawakujibana katikati. Walitawanyika, wakasimama pembeni kama mawinga.

Hapo ndipo ilipo akili yote ya jambo hili. Walinzi wa Rams waliochaguliwa kwa ajili ya kugongana walijikuta wanatakiwa kukaba katika uwanja mpana. Kama Patriots wangekuwa na taiti endi wasiojua kudaka, kutawanyika kusingekuwa na maana. Kama wangekuwa na taiti endi wasiojua kukinga, Rams wasingeingiza wale wazito tangu mwanzo.

Gronkowski alidaka yadi 18. Julian Edelman yadi 13. Rex Burkhead yadi 7. Halafu Gronkowski tena, yadi 29, mpira ukipita juu ya mikono ya lainibeka aliyekuwa amemshika hatua kwa hatua, akaanguka nao yadi 2 kutoka mstari wa mwisho wa Rams. Sony Michel akamalizia kwa kukimbia. Hesabuni: yadi 69, kwa kuanzisha mpira mara tano tu. Mara ya pili, ya tatu na ya nne ulikuwa mpango uleule ulioagizwa mara tatu mfululizo, na Rams hawakupata dawa yake. Ilikuwa tachidauni pekee ya fainali nzima, iliyoisha 13 kwa 3.

Kuna jambo jingine kuhusu Gronkowski msimu ule. Mwaka 2011 alidaka tachidauni 17, rekodi ya nafasi yake. Msimu wa 2018 alidaka 3 tu kabla ya mechi za mtoano. Mwili wake ulikuwa umechoka kwa majeraha, na watu wakasema amekwisha. Waliokuwa wakisema hivyo walikuwa wanahesabu mipira. Katika mechi tatu za mtoano mwaka ule, Michel alikimbia yadi 336 na kufunga tachidauni 6, na yule mtu waliyesema amekwisha alisaidia kuzifungua njia hizo. Kukinga hakuna safu kwenye karatasi ya takwimu. Mzazi akisoma gazeti la Jumamosi asubuhi ataona jina la mkimbiaji. Jina la mwanawe aliyemsukuma mtu wa kilo 115 yadi nne nyuma halimo. Naumia sana nikiona kijana anarudi nyumbani usiku wa Ijumaa baada ya kufanya kazi kubwa, na baba anamuuliza swali moja tu, "Umefunga?"

Mungu ametuweka mahali pazuri kwa somo hili. Chuo Kikuu cha Iowa, hapo Iowa City ambako baadhi yenu mnafanya kazi, ni kiwanda cha taiti endi. Dallas Clark alikuja pale bila ufadhili wa masomo, akiwa lainibeka, wakamhamisha. Mwaka 2002 akapata Tuzo ya Mackey ya taiti endi bora wa vyuo vyote, na baadaye akatwaa ubingwa na Indianapolis Colts. T.J. Hockenson anatoka Chariton, mji mdogo wa humu humu jimboni. Mwaka 2019 yeye alichaguliwa wa 8 katika raundi ya kwanza ya kuwagawa wachezaji wapya kwa timu za kulipwa, na mwenzake Noah Fant akachaguliwa wa 20. Haikuwahi kutokea chuo kimoja kutoa taiti endi wawili katika raundi ya kwanza ya mwaka mmoja. Detroit Lions, waliomchukua Hockenson, walimuuza Minnesota mwaka 2022, na walipotafuta wa kuziba nafasi yake wakarudi Iowa, wakamchukua Sam LaPorta. Msimu wake wa kwanza, 2023, alidaka pasi 86.

Lakini mimi nampenda George Kittle kuliko wote hao. Miaka yake yote akiwa Iowa alidaka pasi 48 tu. Kwa hesabu ya mipira ni mchezaji wa kawaida kabisa, ndiyo maana timu zilimpita mara 145 kabla San Francisco hawajamchukua mwaka 2017. Mwaka uliofuata alipata yadi 1,377, na hakuna taiti endi aliyewahi kupata nyingi hivyo kabla yake, mpaka Travis Kelce alipofikisha 1,416 mwaka 2020. Hizo yadi zilikuwa zimejificha wapi alipokuwa Iowa? Zilikuwa kwenye kukinga. Kocha Kirk Ferentz, ambaye anaongoza timu ile tangu 1999, kabla ya hapo aliwahi kuwa kocha wa ukuta pale pale, na kwake taiti endi ni mtu wa ukuta kwanza. Kittle alitoka pale akiwa mkingaji wa kutisha, na San Francisco wakakuta wana mtu ambaye ulinzi haumwezi kwa mkono wala kwa mguu.

Kelce naye alipokuwa sekondari alikuwa kotabeki. Ndiyo maana anajua mrushaji anaona nini, na mara nyingi anaacha njia aliyopangiwa na kwenda kusimama kwenye upenyo kati ya walinzi wawili, kabla kotabeki wake, Patrick Mahomes, hajamuita. Na Tony Gonzalez na Antonio Gates walikuwa wacheza kikapu chuoni. Gates hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 2003, akaingia San Diego kwa mlango wa nyuma, akamaliza na tachidauni 116, rekodi ya nafasi hii. Nawataja hao kwa ajili ya kijana yeyote aliyekuja na mchezo wake kutoka nyumbani. Golikipa ana mikono. Mcheza kikapu anajua kuuweka mwili wake kati ya mpira na mtu. Kukinga tutawafundisha.

Sasa pesa, kwa sababu mama mmoja ameniandikia karatasi hapa akiuliza kama kuna riziki. Ipo, na pia ipo dhuluma, na mtaona jinsi zinavyokaa pamoja. Mwaka 2013 Jimmy Graham wa New Orleans alidaka tachidauni 16. Mwaka uliofuata klabu ikatumia haki yake ya kumbakiza kwa mkataba wa mwaka mmoja, ambao kiwango chake hutegemea nafasi ya mchezaji. Taiti endi alikuwa anawekewa dola milioni 7 na ushei. Mpokeaji, milioni 12 na ushei. Graham akasema: asilimia 67 ya muda nasimama mbali na ukuta, kwa hiyo mimi ni mpokeaji, nilipeni kama mpokeaji. Kesi ikaenda kwa msuluhishi, Stephen Burbank, na Julai 2014 akaamua kwamba Graham ni taiti endi. Alisema hata akisogea hatua chache kutoka kwenye ukuta bado anafanya kazi ya taiti endi.

Mimi nimelifikiria sana shauri lile. Kwa kanuni zilizoandikwa, pengine msuluhishi hakuwa na njia nyingine. Lakini tazameni matokeo yake: mtu anaongeza kazi ya pili juu ya ile ya kwanza, na jina la ile ya kwanza ndilo linaloamua mshahara. Graham baadaye alikubaliana na klabu kwa dola milioni 40 za miaka minne, kwa hiyo hakufa njaa. Hata hivyo vijana wajue kwamba nafasi hii, pamoja na thamani yake yote, soko limechelewa kuilipa.

Aliyepigania haki kabla yao wote alikuwa taiti endi pia, John Mackey wa Baltimore Colts, yule ambaye tuzo ya vyuo ina jina lake. Yeye na Mike Ditka ndio waliobadilisha nafasi hii miaka ya 1960. Ditka mwaka wake wa kwanza, 1961, alipata yadi 1,076 akiwa na Chicago Bears, na hakuna taiti endi wa mwaka wa kwanza aliyempita mpaka Brock Bowers mwaka 2024. Mackey alikuwa mzito mwenye mbio za winga. Katika fainali ya Januari 1971 alidaka mpira uliokuwa umeguswa na wengine njiani, akakimbia, tachidauni ya yadi 75. Alikuwa rais wa chama cha wachezaji, akaishtaki ligi kwa kanuni iliyowafunga wachezaji wasihame hata mikataba yao ikiisha. Mwaka 1976 mahakama ya rufaa ikakubaliana na upande wake.

Na huyuhuyu Mackey, wazazi wangu, ndiye ninayewajibika kuwaambia habari zake zote. Uzeeni alipoteza akili. Ugonjwa wa ubongo ulimfikisha mahali ambapo mkewe, Sylvia, hakuweza tena kumtunza peke yake wala kumudu gharama. Mama yule aliandika barua kwa kamishna wa ligi. Kutokana na barua hiyo, mwaka 2007 ulianzishwa mpango wa kulipia matunzo ya wachezaji wa zamani wenye ugonjwa kama ule, hadi dola 88,000 kwa mwaka. Tarakimu hiyo ni ya jezi yake, namba 88. Mackey alifariki 2011.

Taiti endi anagongwa kwa namna mbili. Kwenye mstari anagongana na watu wazito kuliko yeye, na akidaka katikati ya uwanja anafikiwa na walinzi waliokuja na mbio zao zote. Sitamwambia mzazi yeyote hapa kwamba hakuna hatari. Nitawaambia tunachofanya. Hatumruhusu mtoto kuingiza kichwa mbele anapokinga: mikono kwanza, kifua juu, macho yatazame. Siku nyingi za wiki hatugongani kabisa mazoezini. Na sheria ya Iowa inataka mtoto akionyesha dalili za mtikisiko wa ubongo atolewe papo hapo, asirudi mpaka mtaalamu wa afya aandike kwamba amepona. Mtoto akikuambia kichwa kinamuuma, au anakerwa na mwanga, au umemwona anasahau kitu alichoambiwa sasa hivi, nipigie simu hata saa sita ya usiku. Usisubiri mechi ipite. Na kama baada ya kusikia haya unasema mwanangu asicheze, nitakuja kwako kunywa chai kama kawaida.

Kwa wale watakaocheza, mazoezi ni Jumatatu saa kumi alasiri, uwanja wa nyuma ya shule. Fomu ya daktari iwe imesainiwa, na chupa mbili za maji, maana Agosti ya hapa mnaijua.

Kabla hatujala, naomba vijana wawili waje hapa mbele. Wewe mwenye fulana ya bluu, na wewe mdogo wake. Baba, tusaidie kusogeza hizo meza. Mmoja ashike huu mto kifuani, asimame imara. Mwingine simama hapa, miguu sawa na mabega, magoti yalegee. Nikipiga makofi, mguu wa kulia unatoka pembeni, usizidi shubiri moja, na mikono inafuata. Wazazi, msimtazame usoni, tazameni mguu. Haya, tayari?